Richard Hamming na Umbali Kati ya Kosa na Sahihi

Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyekaa darasani hata muhula mmoja anajua kwamba kazi ya kusahihisha madaftari haina mwisho. Hata hivyo ni wachache kati yetu wanaojiuliza kosa ni kitu gani hasa, hugunduliwaje, na ni wakati gani mtu ana haki ya kulirekebisha kosa la mwenzake. Katika makala hii tumekusudia kusimulia maisha ya Richard Wesley Hamming, mwanahisabati wa Marekani aliyeyachukua maswali hayo na kuyapa majibu ya hesabu. Tunaamini kwamba mwalimu mtarajiwa wa shule ya msingi, hata kama hajapata kugusa kompyuta, atafaidika kwa kumjua mtu huyu na njia yake ya kufikiri.

Kabla ya kumtaja zaidi, hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Katika miaka yetu ya kwanza ya ualimu tulipewa kazi ya kunakili alama za mtihani katika orodha ya darasa. Walikuwamo wasichana wawili wenye majina matatu yaleyale. Tofauti yao ilikuwa mpangilio tu, kwani jina la baba wa mmoja lilikuwa la babu wa mwenzake, na la babu lilikuwa la baba. Tuliziandika alama za huyu mbele ya jina la yule. Kisha tulikagua kazi yetu kwa makini: idadi ya majina ilikuwa kamili, jumla ya alama za darasa ilikuwa sahihi, na wastani haukupungua wala kuzidi. Tukatia sahihi. Siku chache baadaye mzazi mmoja alikuja na karatasi za mtihani za binti yake mkononi. Mtoto alikuwa amekwisha kuadhibiwa nyumbani kwa kushindwa mtihani ambao kwa kweli alikuwa ameufaulu.

Ukaguzi wetu haukuwa wa uzembe, lakini ulikuwa wa aina isiyoweza kuliona kosa lile. Jumla haibadiliki vitu viwili vinapobadilishana nafasi. Ndiyo maana maisha ya Hamming yanatuhusu.

Kuzaliwa na Elimu Yake

Richard Hamming alizaliwa tarehe 11 Februari 1915 katika mji wa Chicago. Alikulia na kusoma mjini humo, na ujana wake uliangukia katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, wakati ambapo familia nyingi za Marekani hazikuweza kumlipia kijana masomo ya chuo kikuu. Yeye mwenyewe alitamani kuwa mhandisi. Lakini nafasi pekee ya ufadhili aliyoipata ilikuwa katika Chuo Kikuu cha Chicago, na chuo hicho hakikuwa na masomo ya uhandisi. Basi akachukua hisabati, na mwaka 1937 akahitimu shahada ya kwanza.

Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Nebraska, alikopata shahada ya pili mwaka 1939, kisha Chuo Kikuu cha Illinois, alikopewa shahada ya uzamivu mwaka 1942. Alipokuwa huko alisoma kwa hamu maandishi ya George Boole, Mwingereza wa karne ya 19 aliyeonyesha kwamba kweli na uongo vinaweza kushughulikiwa kama hesabu. Mwaka huohuo wa 1942 alimwoa Wanda Little, ambaye waliishi pamoja hadi mwisho wa maisha yake. Alifundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Illinois, na kisha katika Chuo Kikuu cha Louisville. Kwa hiyo mtu huyu alianza kazi akiwa mwalimu, na kama tutakavyoona, alimaliza kazi akiwa mwalimu.

Los Alamos

Mwezi Aprili 1945, wakati Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikikaribia mwisho, Hamming aliitwa Los Alamos, katika jimbo la New Mexico, ambako wanasayansi walikuwa wakitengeneza bomu la atomiki kwa siri kubwa. Kazi yake haikuwa kubuni silaha, bali kuziendesha mashine za kukokotoa zilizotatua milinganyo ya wanafizikia. Mwezi Agosti mwaka huo mabomu hayo yaliangushwa Hiroshima na Nagasaki, miji miwili ya Japani, na watu wengi mno wakafa.

Baadaye Hamming alisimulia kwamba kabla ya jaribio la kwanza aliombwa ahakiki hesabu moja: je, mlipuko huo ungeweza kuiwasha hewa yote ya dunia? Hatuhitaji kueleza uzito wa swali hilo. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha hali aliyojikuta nayo mtu huyu mapema maishani: kuikagua kazi ya wengine mahali ambapo kosa dogo lisingepata mtu wa kulirekebisha baadaye.

Majuma Mawili Yaliyopotea

Mwaka 1946 Hamming aliajiriwa katika Maabara ya Bell, iliyokuwa tawi la utafiti la kampuni kubwa ya simu ya Marekani. Huko alikutana na vijana wenzake wenye vipaji, miongoni mwao Claude Shannon, ambaye kwa muda walitumia ofisi moja na ambaye mwaka 1948 alichapisha nadharia ya habari iliyobadili sayansi ya mawasiliano.

Maabara ilikuwa na mashine ya kukokotoa iliyojengwa kwa maelfu ya swichi za umeme ziitwazo rilei. Mashine hiyo ilisoma maagizo kutoka katika utepe wa karatasi uliotobolewa, na ilikuwa na uwezo wa kujikagua. Kila tarakimu iliandikwa kwa namna ambayo, rilei moja ikikwama, mpangilio uliopatikana haukuwa tarakimu yoyote halali. Mashine ilitambua hapo hapo kwamba pana kosa. Siku za kazi ilisimama na kuwaita wahudumu, nao walitafuta tatizo na kulirekebisha. Lakini mwisho wa juma hapakuwa na mhudumu, basi mashine iliiacha kazi iliyoharibika na kuchukua inayofuata.

Hamming, akiwa mgeni, alipewa nafasi ya kuitumia mashine mwisho wa juma tu. Jumatatu moja alifika na kukuta kazi yake imeachwa njiani kwa sababu ya kosa moja. Juma lililofuata jambo hilohilo likarudia, ilhali kulikuwa na wenzake waliokuwa wakingoja majibu. Hasira ilimshika, na katika hasira hiyo likazaliwa swali la maana: ikiwa mashine ina akili ya kutambua kwamba kosa lipo, kwa nini isitambue kosa liko wapi na kulirekebisha yenyewe?

Tunaomba msomaji atue hapa kidogo. Watu wengi walikuwa wamepoteza kazi katika mashine zile kabla ya Hamming, nao waliona ni ajali ya kawaida. Yeye hakulaumu rilei, wala hakuomba mhudumu wa zamu ya Jumapili. Aliuliza kwa nini kugundua na kurekebisha ni mambo mawili tofauti, na kutoka hapo akafika mbali.

Umbali wa Hamming

Jibu lake alilichapisha mwezi Aprili 1950 katika jarida la kiufundi la Bell, baada ya kucheleweshwa na taratibu za kisheria za kulinda ugunduzi. Kiini cha makala hayo ni wazo la umbali. Tuchukue maandishi mawili yenye urefu sawa, kwa mfano 1011 na 0010. Tukiyalinganisha tarakimu kwa tarakimu, tunaona yanatofautiana mahali pawili, pa kwanza na pa mwisho. Basi umbali wake ni 2. Umbali huo hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Ikiwa kila maandishi yanayowezekana ni halali, kosa haliwezi kuonekana, kwa sababu kosa hugeuza neno halali kuwa neno jingine halali. Ili kosa lionekane, lazima maneno halali yatenganishwe, pawe na nafasi tupu katikati yake. Umbali mdogo kabisa kati ya maneno halali ukiwa 2, kosa moja litaanguka katika nafasi tupu na litagunduliwa, lakini hatutajua lilitoka upande gani. Umbali ukiwa 3, neno lenye kosa moja litakuwa karibu na neno moja tu halali, nalo tunaweza kulirudisha huko.

Hamming alionyesha jinsi tarakimu 4 za habari zinavyoweza kuongezewa tarakimu 3 za ukaguzi ili kupata umbali huo wa 3. Njia rahisi ya kulionyesha jambo hili darasani ni kuchora chini duara tatu, A, B na C, zinazoingiliana. Sehemu saba hupatikana: moja ya katikati iliyo ndani ya duara zote tatu, tatu zilizo ndani ya duara mbili mbili, na tatu za pembeni zilizo ndani ya duara moja moja. Weka punje ya hindi au acha wazi, upendavyo, katika zile sehemu nne za ndani. Kisha jaza sehemu tatu za pembeni kwa kanuni moja: kila duara liwe na punje ambazo idadi yake ni shufwa.

Tuseme katikati pana punje, kati ya A na B hapana, kati ya B na C pana, na kati ya A na C pana. Duara A lina punje 2, B lina 2, na C lina 3. Basi pembeni mwa A na mwa B hatuweki kitu, na pembeni mwa C tunaongeza punje moja. Sasa mwanafunzi mmoja aiondoe punje iliyo kati ya B na C wakati sisi tumegeuka. Tukirudi tunahesabu: A bado ni shufwa, lakini B na C zimekuwa witiri. Sehemu iliyomo ndani ya B na C na haimo ndani ya A ni moja tu. Tunairudisha punje mahali pake, na watoto wanastaajabu. Hapana uganga wowote. Pana umbali uliowekwa kabla kosa halijatokea.

Kugundua au Kusahihisha

Sasa tufike kwenye jambo ambalo twadhani ndilo lenye faida kubwa kwa mwalimu. Mwanafunzi aondoe punje mbili badala ya moja, ile ya kati ya B na C na ile ya kati ya A na C. Tukihesabu tutakuta A na B ni witiri, na C ni shufwa, kwa kuwa C imepoteza punje mbili. Kanuni itatuambia kwa uhakika uleule kwamba kosa liko kati ya A na B. Tutaweka punje pale pasipostahili, na makosa mawili yatakuwa matatu.

Hamming aliliona jambo hili, naye alilieleza bila kuficha. Umbali wa 3 unatupa uamuzi wa kufanya. Tukiamua kugundua tu, bila kurekebisha, tutayatambua makosa hadi mawili. Tukiamua kurekebisha, tutarekebisha kosa moja vema, lakini makosa mawili yakitokea pamoja tutayaongeza huku tukijiona tumeyaondoa. Tukitaka kurekebisha moja na wakati huohuo kuyagundua mawili, lazima tuongeze tarakimu nyingine ya ukaguzi, umbali uwe 4. Njia hiyo ya umbali wa 4 imetumiwa sana katika kumbukumbu za kompyuta. Usalama hununuliwa, na mpaka kati ya kuonya na kurekebisha huwekwa na mtu, hauji wenyewe.

Lugha yetu hutumia neno moja, kusahihisha, kwa kazi ya kutia alama ya kosa na kwa kazi ya kuandika jibu lililo sahihi. Labda ndiyo sababu sisi walimu twazichanganya kazi hizo mbili. Mwalimu anayekata neno la mtoto na kuandika lake juu, kabla ya kuwa na hakika mtoto alikusudia nini, anafanya kama yule anayeweka punje mahali pasipostahili.

Wazo Lake Baada ya Mwaka 1950

Umbali wa Hamming hupima maandishi yenye urefu sawa. Mwaka 1965 mwanahisabati wa Kisovieti, Vladimir Levenshtein, alieleza umbali mwingine unaohesabu herufi zilizobadilishwa, zilizoongezwa na zilizodondoshwa. Kwa kipimo chake, mtoto aandikaye abari badala ya habari yuko umbali wa 1 kutoka neno sahihi. Ili kulinganisha maneno marefu na mafupi kwa haki, umbali huo hugawanywa kwa urefu wa neno refu zaidi, kisha jibu hutolewa katika 1. Ufanano wa mwanafuzi na mwanafunzi ni 0.90. Ufanano wa paka na pika ni 0.75. Ufanano wa kalamu na karamu ni kama 0.83.

Mifano hii inatuonya mara moja. Mwanafuzi ni kosa dhahiri, lakini paka na pika yote ni maneno halali. Na mtoto aliyeandika kwamba baba amenunua karamu huenda amechanganya l na r, ilhali aliyeandika kwamba baba ameandaa karamu hakukosea. Kipimo kinasema maneno yako karibu; hakisemi kama kuna kosa.

Matumizi moja ya kipimo hiki yanafanana sana na kisa chetu cha wasichana wawili. Katika programu ya kompyuta, kazi ndogo inayorudiwa mara nyingi hupewa jina, nayo huitwa fanksheni. Fanksheni ina nafasi za kupokea thamani, kama fomu yenye mistari ya kujazwa, na mpangilio wake ni lazima ufuatwe. Ni kama mwanafunzi wa darasa la tatu anavyojua kwamba 12 gawanya kwa 4 si sawa na 4 gawanya kwa 12. Tuchukue fanksheni ya kuhamisha fedha, yenye nafasi ya kwanza iitwayo mtumaji na ya pili iitwayo mpokeaji. Mwandishi wa programu akichoka, akaandika mpokeaji kwanza na mtumaji baadaye, kompyuta haitashtuka. Zote mbili ni akaunti, na aina yake ni moja. Fedha zitatoka kwa asiyestahili kutoa.

Njia mojawapo ya kulinasa kosa hilo ni kulinganisha majina. Mwaka 2017 watafiti wa kampuni ya Google na wenzao walichapisha kazi kuhusu njia ya namna hiyo. Jina la kila thamani iliyotolewa hulinganishwa na jina la nafasi iliyowekwa, halafu na jina la nafasi ya mwenzake. Ufanano wa mtumaji na mpokeaji ni 0.50, na ufanano wa neno na lenyewe ni 1. Kwa hiyo, kama zilivyoandikwa, thamani zina ufanano wa 0.50, zikibadilishana nafasi, zina 1. Tofauti ni 0.50, na programu ya ukaguzi hutoa onyo.

Swali gumu ni hili: tofauti iwe kubwa kiasi gani ndipo onyo litolewe? Tukiuweka mpaka chini sana, tuseme 0.10, maonyo yatamiminika hata kwa mistari iliyo sahihi. Mtu anayeonywa mara kumi bure hasikilizi onyo la kumi na moja, hata likiwa la kweli. Tukiuweka juu sana, tuseme 0.90, ukaguzi utanyamaza karibu siku zote, na kosa la fedha tulilolitaja litapita.

Yapo mambo ya kuangaliwa kabla ya kuchagua. Majina mafupi hayasemi mengi: a na b hutofautiana kwa herufi moja tu, lakini herufi hiyo ndiyo jina zima. Sehemu zinazorudiwa katika kila jina hudanganya. Mtumaji na mpokeaji yameshirikiana m ya mwanzo na aji ya mwisho, kama yalivyo majina mengi ya watenda katika Kiswahili. Tukiziondoa sehemu hizo zikabaki tum na poke, ufanano unashuka kutoka 0.50 hadi 0. Tena, kubadilisha nafasi huweza kuwa makusudi: anayelaza umbo lililosimama hutoa urefu mahali pa upana, naye hakukosea.

Kwa hiyo mpaka mzuri haupatikani kwa kubahatisha. Hukusanywa mifano ambayo ukweli wake unajulikana, ya makosa na ya mistari sahihi. Kwa kila mpaka huhesabiwa ni maonyo mangapi yalikuwa ya kweli, na ni makosa mangapi yaliponyoka. Mpaka ukichaguliwa hujaribiwa tena kwa mifano mingine ambayo haikutumika kuuchagua, maana mtihani ambao maswali yake yalifundishwa jana haumpimi mtu. Hatimaye huulizwa gharama: ni kipi kibaya zaidi, kusumbua watu kwa onyo la bure au kuliacha kosa lipite? Jibu la programu ya kuchora picha si jibu la programu ya kugawa dawa. Ni uamuzi uleule wa Hamming wa mwaka 1950, ukiwa umevaa nguo nyingine.

Miaka ya Ualimu

Hamming alikaa katika Maabara ya Bell kwa miaka 30. Mwaka 1968 alipewa Tuzo ya Turing, iliyo heshima kubwa kuliko zote katika sayansi ya kompyuta. Wenzake walimjua pia kwa tabia ambayo haikumpendeza kila mtu. Wakati wa chakula cha mchana alizoea kukaa na wanakemia, akawauliza ni maswali gani makubwa katika fani yao, na baada ya siku kadhaa akawauliza kwa nini hawayashughulikii. Wengi hawakufurahi kumwona tena mezani. Yeye mwenyewe alitenga alasiri ya kila Ijumaa kwa kufikiri mambo makubwa tu: kazi yake inaelekea wapi, na kompyuta zitabadili nini katika sayansi.

Mwaka 1976 aliondoka Bell, akaenda kufundisha katika chuo cha uzamili cha jeshi la majini la Marekani mjini Monterey, California. Angeweza kupumzika kwa heshima zake, lakini alifundisha hadi mwaka 1997, alipokuwa na umri wa miaka 82. Somo lake la mwisho halikuwa la hisabati peke yake. Lilikuwa la namna ya kujifunza na kufanya kazi yenye maana, na katika mwaka huo wa 1997 lilitolewa kuwa kitabu. Alisisitiza kwamba mwalimu humwandaa mwanafunzi kwa ajili ya siku zijazo za mwanafunzi, si kwa ajili ya siku zilizopita za mwalimu. Alifariki tarehe 7 Januari 1998, majuma machache tu baada ya kuacha kufundisha.

Mafunzo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Kutokana na maisha haya twaona mambo matatu. La kwanza, ukaguzi lazima ufanane na kosa linaloogopwa. Jumla ya alama itakuonyesha alama iliyodondoshwa, lakini haitakuonyesha alama zilizobadilishana nafasi. Laiti tungelinganisha alama za kila mtoto na zile za muhula uliotangulia, tungeona wawili walioruka mbali sana, mmoja juu na mwingine chini, nasi tungezitafuta karatasi zao kabla ya kutia sahihi.

La pili, umbali huwekwa kabla ya kosa. Namba ya mwanafunzi iliyoandikwa kando ya jina, ingawa yaonekana ya ziada, hufanya kazi ya zile punje za pembeni. Mwalimu anayeona uvivu kuiandika anaokoa dakika moja na kuhatarisha mwaka wa mtoto.

La tatu, onyo si hukumu. Mtoto aliyeruka ghafla huenda amebadilishiwa alama, na huenda amejitahidi kweli. Ukaguzi hutuambia mahali pa kutazama. Kutazama ni kazi yetu. Mzazi yule aliyetujia hakuhitaji hesabu yoyote. Alifungua karatasi na kulinganisha. Tulisahihisha orodha siku hiyohiyo, lakini adhabu aliyoipata mtoto hatukuweza kuifuta.

Mazoezi kwa Wanachuo

1. Chora duara tatu uwanjani na ufanye zoezi la punje pamoja na wenzako. Ondoa punje moja, kisha mbili. Eleza kwa nini matokeo ni tofauti.

2. Andika jozi kumi za maneno ya Kiswahili yaliyo umbali wa 1. Tenga zile ambazo maneno yote mawili ni halali na zile ambazo moja ni kosa. Je, kipimo peke yake kingekuwezesha kuzitenga?

3. Chukua madaftari ishirini ya imla. Weka mpaka wa ufanano ambao chini yake utalihesabu neno kuwa limekosewa kabisa, na juu yake utalihesabu kuwa ni kuteleza kwa mkono. Mpe mwenzako madaftari mengine ishirini ajaribu mpaka wako, kisha mjadili mlipotofautiana.

4. Tazama orodha ya alama ya darasa unalofanyia mazoezi ya kufundisha. Taja kosa moja ambalo ukaguzi unaotumika shuleni hapo hauwezi kuligundua, na upendekeze njia isiyo na gharama ya kuligundua.